Konje Yangu ya Kijapani

Mimi ni mtoto wa Wagenia, kabila la wavuvi, aliyekimbilia mashine ya kuandikia. Wenzangu wakishusha mitego kwenye maporomoko, mimi nilikuwa mjini Kisangani, shati jeupe, napiga barua za ofisi ya kilimo. Ndivyo nilivyokutana na mtaalamu wa mpunga kutoka Japani. Alipita kwetu akielekea Yangambi alikopangiwa kazi, nikamwandikia karatasi zake siku tatu. Siku ya kuondoka mke wake akaniambia, kwa Kifaransa cha kubahatisha, nije na madame wangu tukae kwao juma zima, tuone wanavyoishi.

Nilipagawa. Likizo yangu ya kwanza, konje kama tulivyoiita ofisini, naenda nayo Japani! Japani ya Yangambi, sawa, safari ya meli tu kushuka mto, lakini Japani.

Nilijifanya mwalimu. Nilimfundisha mke wangu kwamba kule viatu huvuliwa mlangoni, watu hukaa kwa magoti kwenye mkeka, na chai hupokewa kwa mikono miwili. Kila jioni tukajizoeza. Siku ya kwanza miguu ilinifa ganzi, nikainuka, nikaanguka juu ya birika. Mke wangu alicheka mpaka machozi. Jirani yetu, mama Mwislamu, akachungulia kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, alisema kwao viatu vinavuliwa na mkeka unakaliwa tangu enzi za babu zake, na hajawahi kukata tiketi ya meli kwa ajili hiyo. Nilikasirika, kwa kweli.

Nikakata tiketi mbili, kisha nikaenda mtoni kujigamba kwa wazazi. Papa alikuwa anasokota kamba za kufungia nguzo. Aliuliza ni mwezi gani. Nikasema mwezi wa pili, naye akageuka kuyatazama maji.

Ole wangu! Mwezi wa pili maji hushuka, na maji yakishuka nguzo za mitego husimamishwa upya kwenye mawe. Kwetu kila mwana wa nyumba hutia mkono kwenye nguzo, hata awe karani, hata awe padri. Asiyetia mkono, mahali pake kwenye maporomoko huchukuliwa na binamu. Na mimi, mtoto wa mto, nilipanga konje kwa kalenda ya ofisi bila kutazama maji.

Nilibisha. Nilisema mkubwa wangu hatabadilisha tarehe, na Wajapani wale watakuwa wamerudi kwao kabla ya konje nyingine. Nilipandisha sauti mbele ya papa, jambo ninaloliona haya mpaka leo. Mama alikuwa anageuza samaki juu ya moshi. Aliuliza tu, kule chai wanaipokea namna gani? Nikamwonyesha kwa hasira, mikono miwili. Akaokota bakuli tupu, akajaribu. Akajaribu tena, polepole.

Papa alimtazama kwa muda mrefu.

"Bon," aliniambia. "Weye utabakia, utashika nguzo. Mama yako ataenda na muke wako. Tangu nimuoe namuambia tutatembea maji ikipanda. Ikipanda, namuambia tungoje ishuke."

Siku meli ilipopiga honi kule bandarini, mimi nilikuwa majini mpaka kifuani, nimekumbatia mti mnene kuliko mimi, naitukana Japani yote. Binamu zangu waliniita Monsieur Japon msimu mzima.

Baada ya juma wakarudi. Mke wangu alikuja na maneno gunia zima: maji ya kuoga yanayounguza, wali unaoliwa kwa vijiti. Mama alivua viatu mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, akaketi kwenye mkeka. Nikamuuliza yeye ameona nini.

"Tuliingia na mulango ya mbele, kama wageni wakubwa," akasema. "Madame akapiga magoti, akanipa chai na mikono mbili. Mimi ndiye nilikaa. Yeye ndiye alipiga magoti."

Papa aliweka kamba chini, akachukua birika, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akimmiminia mama chai. Alimpa kikombe kwa mkono mmoja. Mke wangu akakohoa kidogo.

Papa akaongeza mkono wa pili.