Tuliirudisha laptop ndogo dukani kwa sababu "inakula hewa": yaliyotukuta geto, Sumbawanga

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, ambako wiki hii upepo unaweza kumng'oa mbuzi pembe. Hapo nimeongeza chumvi, na huenda nikaongeza tena mbele. Ila kwenye habari za Shija siongezi hata punje.

Kuna kipindi niliamini kwa moyo wote kwamba laptop isiyo na feni inakula hewa ya chumbani.

Yaani zile ndogo, nyembamba, zisizopiga kelele, zinavuta oksijeni kupitia kwenye keyboard, na mkikaa nazo ndani mnabaki mnagombania pumzi na mashine.

Msicheke. Aliyenipa habari hiyo ni muuza laptop used mmoja wa Majengo, na alikuwa na miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Mtu wa miwani mbili unambishia nini?

Nilikuwa naishi geto na rafiki yangu Shija. Tulikutana kwenye masomo ya jioni, tukamaliza form four tukiwa watu wazima wenye ndevu. Kwao ni wafugaji, Wasukuma waliohamia upande wa Mpui; mimi ni Mfipa wa hapa hapa. Alitaka chuo cha mifugo, na maombi siku hizi ni mtandaoni.

Baba yake akapeleka ng'ombe mnadani, mimi nikauza mahindi yangu, tukaenda kutafuta laptop ya kutumia wote. Kuandika, kusoma PDF, kujaza fomu. Basi.

Shija alichagua vizuri kuliko mimi. Inchi 11, RAM 4, SSD, chaji inakaa karibu kutwa. Unaibeba kwapani kama daftari.

Muuzaji akatusogezea likubwa la zamani. "Hili lina feni, linapumua lenyewe. Hako kadogo kanapumulia wapi? Kanavuta hewa yenu."

Shija akanigeukia. "Mfipa, lipa twende. Huyu hata redio atakwambia inakunywa maji."

Tukachukua ndogo.

Ukaingia mwezi wa sita. Baridi ya huku ukimwaga chai inafika chini imeshaganda. Dirisha tulishaliziba kwa gunia. Tukimaliza kupika ugali nje, jiko la mkaa tunaliingiza ndani makaa yakiwa mekundu, kama nyumba nyingi tu za mtaani kwetu. Tunafunga mlango, tunafungua laptop, tunasoma.

Vichwa vikaanza kuuma. Kichefuchefu. Shija akiinuka anayumba kama katoka kilabuni.

Nikamwambia, "Si unaona? Kanatumaliza haka."

"Acha maneno ya dukani."

"Basi tupime."

Tukatoka nayo uani, juani, tukakaa kutwa. Hakuna aliyeumwa kichwa. Kwangu ushahidi ukawa umekamilika: nje hewa ni nyingi, inakula mpaka inashiba na yetu inabaki. Nilijiona profesa wa maprofesa.

Shija akaifunga laptop, akasema, "Inawezekana, Mfipa."

Tukairudisha, tukaongeza hela kidogo, tukapewa likubwa.

Wakuu, lile dude. Uzito wa debe la mahindi, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga. Betri ilishakufa, ukichomoa waya linazima hapo hapo. Na geto lina soketi moja tu, kona ya ndani kabisa. Kwa hiyo habari za kukaa juani zikaishia hapo.

Na kwa vile lina feni, tukajiona salama. Tukaziba hadi upenyo wa chini ya mlango kwa shuka kuukuu. Vichwa viliendelea kuuma. Nikasema ni mabaki ya ile ndogo, yatatoka mwilini taratibu.

Jumapili moja niliamkia misa ya kwanza. Shija alibaki kumalizia maombi ya chuo, kajifunika blanketi, jiko miguuni.

"Mwambie Mungu wenu chuo cha mifugo nimeweka namba moja," akasema. "Asije akanipeleka ualimu."

Niliporudi feni ilikuwa bado inaunguruma. Shija kalaza kichwa kwenye keyboard. Kwenye skrini, pale pa kujaza jina la shule, herufi moja ilikuwa imejirudia mpaka ikajaza kisanduku.

Nikamtania, "Msukuma, chuo hawapokei wanaolala." Nikamshika bega.

Tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Hakuamka.

Kwa mnaotafuta laptop ndogo ya bei nafuu: msinunue uzito wala kelele. Ulizia SSD, RAM isiwe chini ya 4, ukipata 8 bora zaidi. Chomoa charger mbele ya muuzaji, kaa nayo hapo dukani uone betri inavyoshuka. Bonyeza kila herufi. Kukosa feni si kasoro, kwa kazi za kuandika na kusoma inatosha kabisa.

Wenye uzoefu na hizi ndogo ongezeni hapo chini, nitasoma zote. Hata mwenye lawama aziweke.

Namalizia na pale hospitali. Baba yake Shija alifika mchana kutoka Mpui, na fimbo yake ya kuchungia mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia.

"Ile mashine imemfanya nini mwanangu?"

Nikaanza kumweleza. Ile ndogo ilivyotunyonya hewa, tulivyochelewa kuirudisha. Mzee alikuwa anatikisa kichwa, anakubali kila neno. Nesi aliyekuwa pembeni akatusogelea.

"Kaka, laptop haili hewa, iwe na feni isiwe nayo. Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?"

"Ndiyo, sista."

"Mmefunga mlango na dirisha?"

"Ndiyo."

"Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa sumu. Haionekani, hainuki. Ndiyo iliyomuua." Akamgeukia mzee. "Pole sana, baba. Na nyumbani kama mnaota moto wa mkaa ndani, jiko litoeni leo."