Glasi ya Maji Niliyomnyima Binti Yangu

Siku ambayo mpaka leo hainitoki, mwanangu, ni ile niliyonyang'anywa glasi ya maji mkononi na fundi cherehani. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, nimesomea tiba ya usemi hapa hapa Johannesburg, mtaa wa Braamfontein, na kazi yangu kliniki ilikuwa kuwasaidia watoto waliochelewa kusema. Nilijiona najua. Nilijua kweli, lakini si kila kitu.

Binti yangu Mwanaidi alikuwa na miaka minne na hajatamka hata neno moja. Hakupenda kutazama watu usoni. Alikuwa akizungusha vifuniko vya sufuria sakafuni saa nzima, na ukimwita jina hageuki. Mama mwingine angeniletea mtoto wa namna hiyo kliniki, ningemwambia siku hiyo hiyo, tena kwa upole: mama, mwanao ana dalili za usonji, si laana wala si kosa lako, tutasaidiana. Maneno hayo nilikuwa nayasema karibu kila wiki. Nyumbani kwangu hayakunitoka. Wanawake wenzangu wa Tanga tuliokuwa tukikutana mtaa wa Mayfair baada ya swala ya Ijumaa waliponiuliza mbona mtoto haitikii salamu, niliwaambia ana haya. Kazini sikumpeleka kabisa. Niliogopa waseme, mtaalamu gani huyu, watoto wa watu anawasaidia, wa kwake kamshinda?

Basi nikaamua kwamba atasema, atake asitake. Kila jioni ikawa mazoezi. Chochote alichokitaka, biskuti au kifuniko chake cha sufuria, nilikishika juu mpaka ajaribu kutamka. Usinifikirie vibaya sana, mwanangu. Nilikuwa nampenda. Ila nilikuwa nampenda huku nikimwonea aibu, na mtoto huyahisi yote mawili.

Mchana alikuwa akishinda kwa Mama Riziki, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyekuwa akishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake kule Malvern, karibu kabisa na Jules Street. Alinizidi umri kama miaka ishirini. Jioni hiyo nilipokwenda kumchukua binti yangu, nilimkuta kasimama kando ya meza, anagonga ubao kwa kidole, mara mbili, kisha tena mara mbili. Jagi la maji lilikuwa pale mezani. Nikajua ana kiu. Nikajaza glasi, nikainyanyua juu.

"Sema maji," nikamwambia. "Ma-ji. Sema 'ma' tu, mama atakupa."

Akaruka kuifikia. Nikainyanyua zaidi. Akaanza kulia, akajiuma mkono mpaka alama za meno zikabaki. Na mimi bado nimeshika glasi, nasema "ma, ma," kwa ile sauti tamu tuliyofundishwa chuoni.

Cherehani ikanyamaza. Mama Riziki akainuka, akaichukua ile glasi mkononi mwangu bila kuniomba, akampa mtoto. Mwanaidi akaimaliza yote bila kupumzika.

"Mutoto amesha sema," Mama Riziki akaniambia. "Akigonga meza mara mbili, anataka mayi. Akileta kitambaa cha bluu, anataka tutoke inje. Sisi tunasemaga na yeye siku yote. Ni wewe hausikie, dada yangu. Unamunyima mayi juu ya nini?"

"Mama Riziki, hii ni kazi yangu. Nimeisomea."

"Umesomea watoto ya watu," akasema, wala hakupandisha sauti. "Huyu haujamusomea."

Nilimbeba mtoto nikaondoka bila kuaga. Kesho yake nikampeleka kwa Fatma, binti wa kwetu Tanga aliyekuwa akikaa mtaa wa pili kutoka kwa Mama Riziki. Nilimwambia mtoto ni mpole, haongei sana. Sikuongeza lingine. Jambo moja ambalo msichana yule alihitaji kulijua, nililimeza.

Wiki ya pili yake, mwezi wa nane, wakati upepo wa Johannesburg unaokota vumbi na kulimwaga machoni, simu ikalia kliniki. Ni Fatma, analia. Alikuwa akianika nguo, geti halikufungwa vizuri, na Mwanaidi hayupo. Ameita mpaka sauti imekauka.

Jules Street ni ndefu, na magari yake hayana subira. Mengine hupita roboti ikiwa nyekundu, maana taa za barabarani huku tunaziita roboti. Nilishuka kwenye teksi nikavua viatu nikaanza kukimbia. "Mwanaidi! Mwanaidi!" Watu wakatoka madukani. Vinyozi wa Kikongo, wauza nyanya, mama wa Kizulu mwenye spaza, kile kiduka cha nyumbani, pale kwenye kona, wote wakaanza kuita pamoja nami. Nusu ya barabara ilikuwa inaita jina la binti yangu.

Mlinzi wa duka la fanicha, mtu mzima kutoka Lubumbashi, akanisimamisha. "Mama, tukimuita, ataitika?"

Nilikuwa na yale majibu yangu ya siku zote, kwamba ana haya, kwamba amechelewa kidogo. Lakini magari yalikuwa yanapita mbio, na Mwanaidi ana miaka minne. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua, jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mama yangu mzazi.

"Hataitika. Hasemi. Binti yangu ana usonji."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyerudi dukani kwake. Yule mlinzi akawageukia wenzake: "Tuache kuita. Tutazame." Watu wakaanza kuinama chini ya magari, kuchungulia vichochoroni, nyuma ya mapipa. Kisha akaniuliza, "Anapendaga nini?"

Ningeweza kumtajia kila sauti ambayo binti yangu hawezi kutamka. Anachokipenda sikukijua.

Nikakimbilia kwa Mama Riziki. Zilikuwa zimepita wiki mbili sijapita mlangoni kwake. Nikasimama pale nahema, nikamwambia Mwanaidi kapotea. Hakuuliza habari za glasi, hakuuliza nilikuwa wapi. Aliweka mkasi chini, akasikiliza kidogo jinsi upepo unavyopiga bati.

"Kuna upepo," akasema. "Ameenda ku bendera."

Akatoka na kandambili zake, mimi nyuma. Mbele kidogo kulikuwa na yadi ya magari yaliyotumika, imezungushiwa kamba zenye vibendera vya plastiki vya kila rangi. Kumbe kila walipopita hapo kwenda kununua nyuzi, Mwanaidi aligoma kuondoka mpaka avitazame vya kutosha, na siku za upepo ndiyo hasa. Tukaingia. Tukamkuta amekaa chini kati ya magari mawili, ameegemea tairi, kiatu kimoja hana, uso kauinua juu. Vibendera vinapigapiga, naye anacheka. Anacheka, mwanangu! Mzima kabisa, hata mkwaruzo hana.

Nilitaka kumrukia. Mama Riziki akanishika mkono. "Ikala kwanza," akasema, yaani nikae. "Uangalie na yeye."

Nikakaa pale chini na sare yangu ya kliniki, nikatazama vibendera. Sijui ni dakika ngapi. Baadaye Mwanaidi akajisogeza mwenyewe, akalaza kichwa chake kwenye paja langu. Nililia sana, lakini kilio chenyewe kilikuwa cha raha. Nilihisi mabega yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo aliokwisha kuuzoea mpaka akausahau.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu, neno lile lile nililolisema barabarani. Nilitegemea atavunjika moyo. Akaniambia, "Nilikuwa najua, mke wangu. Nilikuwa nangoja useme wewe, maana wewe ndiye mtaalamu." Tukatazamana, tukacheka kama watu walioibiwa akili. Miaka miwili kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake jambo moja!

Kesho yake nikaenda kumwomba Mama Riziki radhi, na daftari mkononi. Nikamwomba anifundishe. "Eish, leo dokta anasomeshwa na fundi," akasema, akanivutia stuli. Akanitajia ishara za Mwanaidi moja moja, mimi naandika. Kwa ishara zile nikatengeneza kadi za picha, na Mwanaidi akazishika upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sasa kila alichokisema kilipata jibu. Kujiuma kukapungua, kisha kukaisha. Alipofika miaka saba akatamka neno lake la kwanza, nalo lilikuwa "mayi," kwa Kiswahili safi cha Kongo. Sikumsahihisha.

Shule ndiyo ilitusumbua. Tuliyokwenda kwanza walituambia tumrudishe akianza kusema. Kliniki kulikuwa na familia mbili nyingine, moja ya Kirundi na moja ya Kikongo, zilizopewa jibu kama hilo. Zamani ningewaandikia ripoti nzuri na kuwatakia heri. Safari hii tulikwenda pamoja, sisi na watoto wetu, mpaka ofisi ya elimu mjini. Jumatatu mbili tulikaa kwenye benchi tukarudi mikono mitupu. Jumatatu ya tatu tukaingia, na afisa, mama mmoja mkali, akaniuliza nimekuja kama mtaalamu au kama mzazi.

"Yote mawili," nikamjibu. Mara ya kwanza kuyasema kwa pamoja.

Tulipokuwa tunaongea, Mwanaidi akainuka, akaweka kadi juu ya meza ya yule mama. Ilikuwa picha ya mlango.

"Anataka nini?"

"Anakuambia amechoka, anaomba kutoka nje."

Afisa akaitazama ile kadi, akamtazama mtoto. "Na mliambiwa hasemi," akasema polepole. Akavuta faili. Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, watoto wawili walianza, Mwanaidi akiwemo. Wa tatu alisubiri mwaka mzima, na sisi tukarudi kwenye lile benchi pamoja na wazazi wake mpaka naye akapata.

Leo Mwanaidi ana miaka ishirini na minne. Ana maneno machache ya mdomo, mengine huyabonyeza kwenye kompyuta yake ndogo, na akichoka na wageni huwaambia waende. Jumamosi wazazi wa watoto wenye usonji hujaa sebuleni kwangu, na mimi huwapokea kama mama mwenzao kwanza.

Basi nisikilize, mwanangu, hasa wewe uliyeambiwa juzi tu kwamba mtoto wako ana usonji, na wewe kijana unayetoka chuoni na cheti kipya. Litaje jambo hilo kwa jina lake mapema, kwa jirani, kwa mwalimu, kwa anayekushikia mtoto, maana hawawezi kumlinda na jambo wasilolijua. Muulize anayeshinda na mtoto kabla hujamfundisha, hata kama hajawahi kukanyaga darasani. Usimwekee mtoto masharti ya kupata kile ambacho ni haki yake. Na ofisini usiende peke yako. Tafuta aliyekataliwa kama wewe, mwende pamoja, na mkirudishwa, rudini tena.

Mungu akupe masikio mepesi na moyo usioona haya. Akufungulie milango kabla miguu haijachoka. Mwanao apendwe na watu usiowajua, na siku utakapochoka, apatikane mtu wa kukuambia: lala kidogo, mtoto niko naye. Amina.