Ukuta Uliokatizwa na Salamu

Mjukuu wangu anapaka rangi nyumba za watu, na ninalisema hilo kwa kujivuna. Alisomea kazi hiyo chuo cha ufundi baada ya kidato cha nne, akarudi Sumbawanga na rola, brashi na ovaroli lililomzidi urefu. Watu walicheka. Wakauliza binti wa kupanda ngazi ataolewa na nani. Niliwajibu kwamba mama zao na mimi tumesiliba kuta za udongo maisha yetu yote na hatukuulizwa swali hilo. Rangi ya dukani ilipokuja ndipo ukuta ukawa wa wanaume.

Kazi aliyokuwa anaitaka ni ukumbi wa kigango chetu. Kanisa bado linajengwa, kwa hiyo misa tunasali ukumbini. Kuta zake walizipaka vijana wa mjini, mambo, poa, mara wamemaliza na wameondoka. Tukawasifu. Jumapili jua lilipoingia kwa madirisha ya pembeni, kuta zikatoa mistari ya rola kutoka juu hadi chini, kama mbavu za ng'ombe wa mwezi wa kumi. Watu walihesabu mbavu badala ya kusikiliza mahubiri. Kamati ya ujenzi ikasema ukumbi upakwe upya kabla ya Kipaimara. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye mashine ya kusaga, aliniambia amesikia habari za mjukuu wangu, ila hawezi kutoa ukumbi kwa kusikia tu. Nikamwambia aje Jumamosi jioni, atamkuta anapaka sebule yangu. Sebule yangu haikuwa na mpango wowote wa kupakwa. Nilifika nyumbani nikaanza kutoa makochi nje.

Ilikuwa Julai. Julai ya Ufipa baridi inauma masikio, na upepo unakausha kanga ya kwanza kabla hujaanika ya pili. Mjukuu wangu alianza kwa kufunga madirisha. Nikalalamika kwamba harufu itatuua. Akanieleza kwamba upepo ndio adui: rangi ikikauka ukingoni kabla hajaiunga na inayofuata, pale pa kuungia patabaki alama, na alama hiyo haifutiki kwa kupakapaka.

Nilikaa nikamtazama. Makopo yote aliyamimina kwenye ndoo moja akakoroga, maana makopo yenye jina moja huwa hayafanani rangi. Pembe na kingo alizipaka kwa brashi, ukuta mmoja tu kwanza, siyo chumba kizima. Rola akaichovya, akaizungusha kwenye wavu hadi ikaacha kudondosha, lakini ikabaki nzito. Akaanzia konani, juu na chini, kila njia mpya ikipanda kidogo juu ya ile iliyopita ikiwa bado mbichi. Hakukandamiza. Wale vijana walikuwa wanaikamua rola kama mtu anayetafuta mafuta ya mwisho kwenye kopo, rangi inakimbilia ncha za rola na kuacha tuta, na tuta hilo ndilo ubavu. Yeye rola ikipungua alirudi kwenye ndoo. Akimaliza kipande, alikipitia kwa rola nyepesi, kutoka juu kwenda chini tu, mkono kama wa mtu anayempapasa mtoto aliyelala. Na akiona doa mahali palipoanza kukauka, aliliacha lisubiri mkono wa pili, yaani rangi ya mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Vidole vinawawasha, wanarudi.

Mkono wa kwanza aliumaliza asubuhi. Mchana, rangi ilipokauka, akaanza wa pili. Alikuwa katikati ya ukuta wa kushoto wifi yangu alipofika kutoka Mpui na unga wa ulezi. Huyu ni dada wa marehemu mume wangu, kwa hiyo kwa mjukuu wangu naye ni bibi. Akasimama uani akapaza sauti, "Mjukuu yuko wapi, au siku hizi hatusalimiwi?"

Mjukuu akashuka. Akatoka, akachuchumaa, akapiga viganja polepole kama tulivyomfundisha, akatoa shikamoo. Salamu yetu siyo neno moja. Wifi akauliza habari za kazi na akaulizwa habari za Mpui, mahindi, ndama, na jirani mwenye mguu mbovu ambaye mguu wake una habari nyingi. Mtoto alijibu na kuuliza yote akiwa amechuchumaa, rangi ikimkaukia vidoleni.

Aliporudi ndani, ukingo ulikuwa umekauka. Akaunga hivyo hivyo, akamaliza ukuta, na katikati pakabaki mstari mpana kama kiganja. Alikuja jikoni akanywa maji kwa mkupuo, akatoka. Wifi akaniuliza kama amekasirika. Nikamwambia ukuta umeharibika.

"Kwa salamu?"

"Kwa salamu."

"Basi wakati mwingine nitaingia kama kuku."

Dawa ya mstari ule ilikuwa kuacha ukauke sawasawa, kuusugua kwa msasa na kupaka ukuta wote upya, yaani kesho. Mwenyekiti alikuwa anakuja leo. Ulibaki ukuta unaotazama mlango. Mjukuu akapanda ngazi, akaniangalia.

"Bibi, huu nikiuanza sishuki. Hata aje nani."

Nilijua anachoniomba. Mtoto huyu nilimchapa akiwa mdogo kwa kumwamkia mtu mzima huku amesimama. Nikachukua ungo wa maharage nikaenda kuchambulia mlangoni.

Mwenyekiti aliwahi, kama wanavyowahi watu wanaokuja kukagua. Akapiga hodi. Mjukuu, rola mkononi, uso ukutani, akasema, "Shikamoo babu." Mzee akaitika marahaba, akasubiri. Kwetu hapo ndipo salamu inapoanza. Rola ikaendelea. Wifi uani akajishika mdomo.

"Huyu binti hashuki?"

"Mwenyekiti," nikamwambia, "akishuka sasa utapata salamu nzuri na ukuta mbaya. Umefuata nini?"

Wifi alimletea kiti, hakukaa. Alisimama na mikono nyuma hadi mjukuu alipofika kona ya mwisho, akapitisha rola nyepesi, akashuka. Ndipo akaja, akachuchumaa, akapiga viganja, akamwamkia upya na kumuuliza habari za mashine, za nyumbani, za wajukuu. Mzee alijibu kwa mkato.

Alikunywa chai rangi ikikauka. Kisha akawasha tochi ya simu, akailaza ubavuni mwa ukuta ili mwanga uupitie kwa upande. Ukumbi ulikuwa umemfundisha. Akapita nayo kutoka kona hadi kona, hakuona kitu. Akageukia ukuta wa kushoto, tochi ikaukuta ule mstari.

"Na huu?"

Nilifungua mdomo, mjukuu akaniwahi. "Huo niliuacha katikati, babu, nikaenda kusalimia. Kesho naurudia wote."

"Alinisalimia mimi," akasema wifi.

Mzee akazima tochi. Akasema hakupenda kuamkiwa na mgongo, na wenzake wa kamati hawatapenda hata kidogo. Akasema atampa ukuta mmoja, ule wa nyuma ya altare, aupake Jumatano. Jua la Jumapili lisipokuta kitu, ukumbi wote ni wake.

Jumatano nilikwenda naye. Ukumbi uko kwenye njia ya sokoni, na anayepita lazima achungulie. Wifi aliahirisha kurudi Mpui, tukakaa wawili kwenye benchi mlangoni. Kila aliyekuja tulimwambia binti yuko ukutani, salamu zake tunazo sisi. Wifi aliwauliza habari za mashamba yao hadi wengine wakachoka wenyewe wakaenda zao. Wanakwaya wawili walinuna. Wacha wanune.

Jumapili jua likaingia kwa madirisha ya pembeni wakati wa somo la pili. Likaupanda ukuta wa altare, likautambaa wote. Sikumbuki somo lilisema nini. Mwenyekiti, aliyekaa benchi la mbele, aligeuka akanitafuta kwa macho, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayekubali bei ya gunia.

Jumatatu asubuhi mjukuu wangu alikuwa anahamisha mabenchi.