Maana ya Jina la Loruhama

Siku ile hainitoki akilini, mwanangu. Mchungaji mgeni alikuja kwetu Itiryo kufundisha vijana waliokuwa wakijiandaa kwa ubatizo, na dada yangu Loruhama akakaa mbele kabisa, maana alijivunia jina lake. Kata nzima hapakuwa na mwingine aliyeitwa hivyo. Tata, yaani baba yetu, alilichagua mwenyewe kwenye Maandiko, nasi wengine tuliona kama alimpenda kuliko sisi.

Mchungaji alipolisikia alisita. "Nani alikupa jina hili, binti yangu?"

"Ni Tata."

Basi akamweleza taratibu. Ni Kiebrania. Ruhama ni aliyehurumiwa, na hiyo Lo ya mbele ni kukataa. Zamani nabii mmoja aliambiwa amwite hivyo bintiye, watu walipomchosha Mungu: Asiyehurumiwa.

Dada hakulia pale. Tulifika nyumbani, akamfuata Tata zizini.

"Tata, ulijua maana yake?"

"Nilijua." Hakugeuka hata kumtazama. "Mama yenu alinizalia wasichana watupu. Ulipokuja wewe, nikachoka."

Mama alikuwa karibu anapepeta ulezi. Ungo ukamdondoka. Yeye hakujua kusoma, mwanangu. Miaka yote alikuwa akimwita mtoto wake hivyo kwa mapenzi.

Tangu hapo tukamwita Ruhama. Tata peke yake ndiye aliyekataa. Dada akaolewa Ringwani, na Tata alipopooza, ni yeye aliyemchukua, akamwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Mpaka anakata roho, mzee aliita jina lile lile zima. Baada ya mazishi dada aliniambia, "Nilikuwa nangoja alifupishe tu."

Sasa nasikia mkeo yuko karibu kujifungua huko Nyamongo, nawe unapekua simu kutafuta jina ambalo hakuna mwingine analo. Tafuta, sikukatazi. Lakini ujue maana yake kwanza, na iwe maana unayoweza kumwambia mwanao ukimtazama usoni. Kama una uchungu wako, umalizane nao mwenyewe. Usimbebeshe mtoto mchanga. Na akiwa wa kike, mpokee kwa mikono miwili.

Mungu amfungue mkeo salama. Huyo mtoto naye, popote atakapoitwa, aitike kwa furaha.