Kijiko Chenye Mpini Mwekundu

Mama wa Morningside alianza kusomea sheria akiwa na miaka hamsini na tatu, na kama kuna wa kulaumiwa ni marehemu mumewe. Kwa miaka thelathini yule mzee alimwambia kila walipogombana, "Ungekuwa wakili tungekuwa matajiri." Alipofariki, mke akaona hana tena wa kubishana naye nyumbani, akajiandikisha chuo cha kusoma kwa posta. Mimi nilifika mlangoni kwake mwaka huo huo, 2008, nikitafuta kazi ya kufua na kufagia. Sikujua kwamba nilikuwa naajiriwa pia kuwa jaji.

Nilikuwa nimetoka Bukavu, nakaa Point, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, katika chumba tulichogawana wanawake watatu kwa mapazia. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilipanda taxi, ndiyo matatu ya huko, kwenda kwake. Siku zilizobaki nilisuka nywele. Nilimwita Mama kwa kuwa alinizidi umri, na kwetu mtu mzima haitwi jina lake hivi hivi. Mwanzoni alikataa. Akasema ana watoto wawili tu, wote wako Australia na hawapigi simu. Nikamwambia basi nafasi ipo. Akanyamaza, jambo ambalo baadaye nilijua ni nadra sana kwake.

Alikuwa Myahudi, na jiko lake lilikuwa na sheria muda mrefu kabla yeye hajafungua kitabu cha sheria. Nyama na maziwa havikutani, si kwenye sahani, si kwenye sinki, si tumboni mpaka saa kadhaa zipite. Vijiko vya nyama vilikuwa na mpini mwekundu na vilikaa droo ya kushoto; vya maziwa vilikuwa na mpini wa buluu, droo ya kulia. Ijumaa mapishi yote yalitakiwa kwisha kabla jua halijazama, maana baada ya hapo ilikuwa Sabato, hakuna kuwasha moto wala kushika kalamu. Mitihani ilipokaribia alishinda Jumamosi nzima na kitabu mapajani, akikariri bila kuandika hata neno, na Jumatatu nilimkuta anaandika kwa hasira kama mtu aliyenyimwa chumvi siku tatu.

Alipohitaji mazoezi ya kutetea kesi alinikalisha kwenye kiti cha marehemu, kitambaa cha vyombo mabegani badala ya joho. Kisha anasimama mbele yangu na kutetea meli zilizogongana na ng'ombe walioingia mashamba ya watu. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha saluni, nusu yake sikukielewa. Lakini kasoro yake niliiona mapema. Dakika ya tano alikuwa ameshashinda, halafu anaendelea kusema, na ikifika dakika ya ishirini ng'ombe wamehukumiwa upya. Kwa hiyo hukumu yangu ilikuwa moja tu, nayo niliitoa kwa Kiswahili, "Mama, kaa chini." Aliyajua maneno hayo kabla ya asante, na kila mara aliyakatia rufaa.

Sasa niseme habari ya karatasi yangu, maana ndiyo iliyoninyima raha miaka yote hiyo. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba hifadhi ya ukimbizi, kwenye mstari mbele yangu alisimama mama mmoja wa Uvira. Alikuwa ameishi Durban mwaka mmoja tu, kwa hiyo alijua kila kitu. Akaniinamia. "Weye, usiseme ulipitia camp ya Malawi. Bale benye kusema camp banabarudishaka kule. Sema ulitoka kwetu direct, juma mbili, uko hapa." Kwetu neno la aliyekutangulia kwenye mstari lina nguvu kuliko mahubiri ya mchungaji. Nilipoulizwa nilisema wiki mbili. Ukweli ni kwamba kwenye kambi ya Malawi nilikaa miezi minane.

Jibu lilichukua miaka. Wakati wote huo niliishi kwa kibali cha muda, kinachofanywa upya baada ya miezi michache. Mwaka 2013 barua ikaja: ombi limekataliwa, maelezo yangu hayaaminiki, nina haki ya kukata rufaa. Nikishindwa na hiyo, nitatakiwa kuondoka nchini. Nilikwenda nayo kazini nimeikunja ndani ya kiatu, sijui kwa nini kiatu.

Mama alikuwa amekwisha kupata shahada, sasa anafanya mafunzo ya uwakili katika ofisi ndogo ya msaada wa sheria mjini. Bosi wake alikuwa mdogo kuliko kitindamimba wake na alimwogopa waziwazi. Nilipomwonyesha barua, Mama alimwomba ofisi ichukue kesi yangu na faili apewe yeye, kwa namna ambayo hakuna kijana mwenye malezi angeweza kukataa. Akalileta nyumbani, akalitandaza mezani, akavaa miwani.

"Unasema nyumba yenu ilichomwa mwezi wa tatu, ukaondoka siku hiyo hiyo. Durban umefika mwezi wa kumi na moja. Hapa pameandikwa safari ya wiki mbili. Miezi minane ilikwenda wapi?"

"Labda karani alikosea."

"Mara tatu?"

"Makarani wa hapa wako hivyo, Mama."

Alinitazama juu ya miwani, akafunga faili. Nilichukia. Katika nyumba ile jaji nilikuwa mimi. Lakini chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga huo nilikwenda nao Point nikarudi nao.

Ijumaa iliyofuata nilichemsha chai ya maziwa, mawazo yako kwenye faili. Nilipotazama mkono wangu, nilikuwa nakoroga kwa kijiko chenye mpini mwekundu. Mama alikuwa chumbani, hakuna aliyeona. Mtu mwingine angekiosha akakirudisha. Mimi, baada ya miaka mitano katika jiko lile, niliogopa kwamba kitainajisi droo nzima. Nikatoka kwenye ngazi za nyuma, palipokuwa na chungu kikubwa cha maua, nikakizika humo kijiko hadi shingoni, nikasawazisha udongo.

Jumatatu nilimkuta Mama kwenye ngazi zile zile, kopo la kumwagilia mkono mmoja, kijiko mkono wa pili.

"Nani amezikwa hapa?"

Morningside ina tumbili wengi. Huingia madirishani, huiba mkate, wakati mwingine huondoka na sabuni. Kila mtu anajua.

"Tumbili," nikasema.

"Tumbili amechimba shimo?"

"Ndiyo, Mama."

"Akasimamisha kijiko wima, akafukia, akapiga piga udongo kwa kiganja?"

"Tumbili wa siku hizi, Mama."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ngazi. Nilifikiri anaumwa. Alipopata pumzi aliniambia kwamba bibi yake, aliyekuja kwa meli kutoka Lithuania, nchi ya baridi huko Ulaya, alikuwa akifanya hivyo hivyo. Kijiko kikikosea, kinakaa kwenye udongo siku kadhaa. Marabi wao walimwambia sheria hiyo haipo popote, lakini bibi hakuwa mtu wa kusikiliza marabi.

"Umefanya sawasawa na bibi yangu," akasema. "Ila yeye alizika mbele ya watu wote. Kaa hapa. Sasa nifukulie na ile miezi minane."

Nilikaa, nikafukua. Nilimweleza kambi, na mstari, na mama wa Uvira, ambaye wakati huo alikuwa na karatasi safi kabisa na kibanda cha nguo Isipingo. Nililia kwa hasira. Mama alinisikiliza bila kunikatiza, na hapo ndipo nilipoamini kwamba huenda kweli atakuwa wakili.

"Kupita Malawi si kosa," akasema. "Kilichokuangusha ni wiki mbili. Tutalisema wenyewe, kabla hawajauliza."

Mficha uchi hazai. Methali hiyo nimewahi kuwapiga nayo watu wengi, sikuwahi kufikiri inanitafuta mimi.

Siku ya rufaa tuliingia chumba kidogo mjini. Kulikuwa na mwamuzi mmoja na kompyuta yake, yule bosi kijana pembeni, na mkalimani Mtanzania, dada aliyependa kazi yake kupita kiasi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mama kusimama kwa ajili ya mtu wa kweli. Miaka yote nilimwona akitetea ng'ombe bila kutetereka, na sasa alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Nilimwonea huruma hata nikasahau kujihurumia. Alianza na miezi minane, kama tulivyokubaliana.

Mwamuzi akanigeukia. "Kwa nini ulidanganya?"

Nilikuwa nimeandaa jibu refu. Lilitoka fupi. "Niliogopa kurudishwa. Aliyenishauri alikuwa mwoga kama mimi. Kambini nilikaa miezi minane, na ile ya wiki mbili ilikuwa uongo."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza Mama kama ana la kuongeza. Nilimwona anavuta pumzi. Pumzi ile nilikuwa naijua, ilikuwa na kurasa tatu ndani yake. Nikasema kwa sauti ya chini sana, "Mama, kaa chini."

Mkalimani, kwa bidii yake, akalitafsiri neno hilo kwa chumba kizima. Bosi kijana akafunika uso. Mama alinitazama, akamtazama mwamuzi, akakaa, na safari hii hakukata rufaa.

Tulisubiri zaidi ya mwaka. Katikati ya kusubiri Mama aliapishwa kuwa wakili, akiwa na miaka sitini kamili, nami nilikaa nyuma mahakamani nikimtazama jaji mwenye joho lisilo kitambaa cha vyombo. Kisha, mwaka huo huo wa 2015, barua ikafika. Sikuifungua. Nilipanda nayo mpaka Morningside, safari hii mkononi, nikampa.

Aliisoma amesimama karibu na jiko, kwanza kimya, kisha kwa sauti. Rufaa imekubaliwa. Mwombaji ameaminika, iliandikwa, kwa sababu alitoa mwenyewe jambo ambalo lilimdhuru. Nililia, safari hii bila hasira. Mama alifungua mdomo anieleze maana ya aya ile, akaufunga, akanivutia kiti cha marehemu, akasema chai ataitengeneza yeye. Kwa miaka saba hakuwahi.

Akachemsha maji, akatia maziwa, akakoroga huku machozi yakimshuka, anakoroga na kukoroga. Nikauona mpini.

"Mama," nikasema.

Akatazama ndani ya kikombe, akakitazama kijiko chekundu, akanitazama mimi.

"Tumbili," akasema.