Fumbwe wa Mama Husna

Yoghoi nzima, pale juu kidogo ya mji wa Lushoto, walijua kwamba ukimkuta Mama Husna ameketi kwenye kibao chake nyuma ya jiko, unapunguza sauti. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa na sindano mkononi na ndege mbele yake, na ukimkimbizia ndege wake kwa salamu za kelele, siku hiyo chai utainywa bila sukari.

Jina lake ni Saumu. Alifundishwa kudarizi utotoni na mwalimu wa maarifa ya nyumbani, mshono ule wa nyuzi mbili zinazopishana ambao mwalimu aliuita wa msalaba na Saumu, binti wa mwalimu wa madrasa, akauita wa kuzidisha ili mambo yasiwe mengi nyumbani. Wenzake walidarizi maua na maneno ya kukaribisha wageni. Yeye alidarizi ndege, tena kwa sharti moja: ndege ambaye hakumwona kwa macho yake uani kwake hamdarizi. Alimchora kwanza kwenye daftari la hesabu, lile la miraba, kila mraba mshono mmoja, ndipo akagusa kitambaa.

Na uani pale wa kudarizi hawakukosekana. Kiangazi, plamsi zikiiva, shore walikuja makundi kwa makundi na kula hadi wakasinzia matawini. Matawi ya juu aliwaachia, ya chini akachuma mwenyewe, na hakuna aliyelalamika. Vuli ilileta mbayuwayu. Kipupwe, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Magamba na Saumu akivaa masweta mawili, chozi wadogo walinyonya maua ya migomba kana kwamba baridi haiwahusu. Lakini kipenzi chake alikuja na masika. Huyo alikuwa fumbwe, mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu mara mbili ya mwili wake. Alielea hewani akiwachezea majike, kisha akatua kwenye jiwe ambalo Saumu huwawekea ndege ulezi na kuwatimua wote wengine. Saumu alimwita Bwana Harusi.

Kila kipupwe Bwana Harusi alitoweka, na kila mwaka Saumu aliumia kidogo. Alimwekea ulezi wake jiweni, huenda akapita. Badala yake kilikuja kidege cha kahawia chenye michirizi, mfano wa shomoro, kikala bila haya. Saumu alikifukuza kwa kupunga kanga. Alifanya hivyo miaka minne mfululizo.

"Mdomo ni uleule, Mama Husna," mumewe alimwambia siku moja. Athumani alikuwa dereva wa lori la kabichi na karoti kwa miaka ishirini na sita, hadi mgongo ulipomkatalia. Siku hizi alishinda nyumbani ndani ya sweta lililotoboka viwiko.

"Midomo myekundu ni mingi," Saumu alimjibu. "Wewe mgosi umezoea kutazama barabara. Ndege niachie mimi."

Mwaka huu alikuwa na kazi kubwa kuliko zote. Husna, binti yao wa pekee, alikuwa mwalimu huko Dodoma na sasa anaolewa na Omari, mpima ardhi. Saumu alimdarizia kitambaa cha ukutani chenye pande nne, kila upande msimu mmoja wa uani kwao, ili mtoto akiwa kule kwenye vumbi asisahau alikotoka. Alikishona miezi kumi na mmoja. Upande wa masika akamweka Bwana Harusi na mkia wake wote. Upande wa kipupwe, kwa utani, akamweka mwanamke mdogo kando ya jiwe, anayepunga kanga nyekundu, na kidege cha kahawia kikiurukia ulezi. Kila aliyeonyeshwa alicheka.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Jumatano mchana shangazi na majirani walijaa uani wakimenya vitunguu saumu, na Saumu alikuwa akipiga pindo la mwisho. Fumbwe akatua jiweni, ingawa masika ilikuwa bado mbali. Mgongo wake ulikuwa bado wa kahawia, wenye michirizi. Shingoni palikuwa na mabaka meusi, kama nguo iliyovaliwa nusu, na nyuma yalimchomoza manyoya matatu marefu yasiyolingana. Kisha huyo wa kahawia akapaa akaelea hewani, akaanza kucheza mbele ya majike, mchezo uleule.

Saumu aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi. Miaka minne alikuwa akimwekea Bwana Harusi chakula, na kumfukuza yeye mwenyewe asile.

Aliona aibu, aibu kabisa, akaingia ndani na kitambaa chake. Jumamosi kingetandazwa mbele ya koo mbili, nacho kilikuwa na uongo, ndege mmoja kufanywa wawili, yeye ambaye hakuwahi kushona uongo. Kufumua upande mzima na kuushona upya hakuwezekani kwa siku mbili, na nyumba imejaa wageni. Mtoto kuondoka bila zawadi ya mama yake, hilo pia lisingewezekana.

Athumani akamfuata, akaketi kitandani. Alikuwa na haki ya kusema nilikuambia. Alikohoa tu, akauliza, "Ndege una haja gani ya kumfumua? Ndege umemshona vizuri."

Saumu alimtazama mumewe, na sweta lake. Kisha akachukua mkasi. Ndege wa kahawia hakumgusa. Alimfumua mwanamke, mshono kwa mshono, na ile kanga yake nyekundu. Alhamisi na Ijumaa, kila alipochomoka jikoni, alimshona mwanamke mwingine palepale, amechutama, kiganja kimejaa ulezi. Kidege hakikuwa na la kugeuza, maana kilikuwa kimeelekea upande wa jiwe tangu mwanzo.

Jumamosi asubuhi, kabla bibi harusi hajatolewa, mama humpa bintiye nasaha chumbani mbele ya shangazi zake. Watu walijua Saumu si msemaji, wakategemea mawili matatu. Alikunjua kitambaa mapajani mwa Husna, akaweka kidole kwa mwenye mkia, halafu kwa wa kahawia.

"Huyu na huyu ni mmoja," alisema. "Mimi nimechelewa kujua. Mwanangu, leo Omari amependeza sana. Ila kipupwe kitafika, mkia utaanguka. Siku hiyo usimfukuze."

Shangazi mmoja alianza kufuta macho. Husna alipapasa kitambaa, akagusa vitundu vilivyobaki pale kanga ilipokuwa.

"Na mimi je, mama? Mkia wangu ukianguka?"

Saumu hakuwa amelifikiria hilo. Kwa desturi za kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, hawaitani ovyo, sembuse siku ya harusi. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akafungua mlango.

"Mwambieni Omari aje," alisema. "Naye ana lake la kusikia."

Omari akaja, akabaki kizingitini ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia. Sogea hapa uone vizuri."