Fundi na Pikapu Iliyozimika
Fundi hakuwa mtu wa haraka. Maswali mengi aliyajibu kwa mguno, na kila alipotaka kugusa injini alipangusa kwanza mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. Pikapu kuukuu ilipoletwa ikivutwa kwa kamba, mama mzee akiwa kiti cha mbele, fundi alimwuliza binti wa mama huyo, "Huzima ikiwa baridi au ikishapata moto?"

"Ikishapata moto. Haiwaki tena mpaka ipoe." Binti alikuwa hoi, kila wiki alimpeleka mama hospitali kusafishwa damu, na leo wamekwama njiani.

Fundi akachomoa plagi iliyolowa petroli, akaigusisha na chuma, akamwambia apige stata, akainama kuitazama kama anayechungulia tundu la ufunguo. Hakuna cheche. Akagusa koili inayoipelekea plagi umeme, akaurudisha mkono upesi kwa joto. "Mafuta yanafika, dada. Koili ndiyo imekufa. Na leo maduka ya spea yamefungwa."

Binti aliegemea mlango akafumba macho. "Tutawahi kweli, mwanangu?" mama akauliza kwa sauti ndogo. Fundi akashusha pumzi ndefu, akaburuta miguu hadi kwenye gari lake mwenyewe, akalifungua boneti, akarudi na koili. Alipoifunga, pikapu ikawaka.

"Na wewe utaendaje nyumbani, fundi?" binti akauliza.

"Acha kwanza nikae," akasema, akajishusha juu ya tairi bovu, akanyoosha miguu, akawapungia mkono waondoke.